Sabuni ya Dawa na Migongo ya Bibi Zangu

Babu yangu alipofariki aliacha ng'ombe wachache, wake wawili na uwanja mmoja. Ng'ombe waligawanywa bila maneno mengi. Uwanja haukugawanyika, kwa hiyo mashindano yakabaki hapo mpaka leo. Upande mmoja kuna nyumba ya Bibi Mkubwa, mama yake baba yangu. Upande wa pili kuna nyumba ya Bibi Mdogo, na milango yao inatazamana. Huwezi kutoka nje kumwaga maji ya vyombo bila mwenzako kujua ulikula nini.

Hapo ni kijijini kwetu, Kisaka. Mimi nakaa Morotonga, pembeni mwa Mugumu, na nina mgahawa wa supu na chapati. Nikipata nafasi naenda kuwasalimia, na nikifika tu uwanjani nasikia, "Mke mwenza amekuja!" Wote wawili wananiita hivyo. Babu alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mke wake wa tatu, tangu sijaota meno, na bibi zangu wakanikubali kwenye ndoa bila kinyongo. Tofauti ni kwamba mimi, kama mke wa tatu, sikuwa na haki ya kupendelea. Nikinywa chai kwa mmoja, lazima ninywe na kwa mwingine, na kwa kiasi kilekile. Wanachungulia kikombe.

Basi, kuna Jumapili moja baada ya ibada, dada mmoja wa mambo ya afya alikuja kanisani kwao kufundisha usafi. Alisema mambo ya maana sana: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, nawa ukitoka chooni, funika chakula. Shida ni kwamba alikuja na bango. Kwenye bango alikuwa amechorwa kijidudu, mkubwa kama mbuzi, wa kijani, ana miguu mingi, ana meno, na juu ya kichwa ana vitu viwili vimesimama. Maneno ya yule dada bibi zangu waliyaacha palepale kanisani. Walichorudi nacho nyumbani ni lile bango.

Wiki hiyo nilipofika, Bibi Mkubwa alinishika mkono akanivuta ndani.

"Mke mwenza, uliwahi kumwona yule mnyama? Ana pembe."

"Bibi, ile ni picha tu. Imekuzwa."

"Ndiyo maana nashindwa kulala. Amekua hivyo, amekulia wapi kama siyo juu yangu?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alisema, "Maisha yangu yote nimechunga ng'ombe. Kumbe na mimi ni malisho ya watu."

Upande wa pili, Bibi Mdogo naye alikuwa na hofu ileile ila hakutaka ijulikane. Yeye alimpigia simu mwanawe, yaani baba yangu mdogo, ambaye anafanya biashara Sirari. Huyu baba mdogo amekaa mpakani muda mrefu mpaka Kiswahili chake kimevuka upande wa pili na hakijarudi. Alifika na mfuko mweusi, akatoa vipande vya sabuni nyekundu vyenye harufu ya hospitali.

"Mathe, hii ni sabuni ya dawa, si ya kuchezea," alisema. "Ukioga hii, wadudu wote kwisha. Watu wa maana wote huko wanatumia hii tu."

"Mimi ni mama yako," Bibi Mdogo alimjibu. "Huyo Mathe sijui ni nani. Lakini lete."

Akaoga siku hiyohiyo. Aliporudi kutoka bafuni alipita katikati ya uwanja taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea ushirika, na upepo ukafanya kazi yake. Jioni simu yangu ikaita.

"Mke mwenza," Bibi Mkubwa alisema kwa sauti ya chini, "mwenzako huku ananuka hospitali."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaringa. Nitafutie mimi kitu kikali kuliko hicho."

Nilikwenda duka la dawa pale Mugumu nikanunua chupa ya dawa ya maji, ile ya kahawia ambayo ukiimimina kwenye maji inageuka nyeupe. Msichana wa duka alinieleza vizuri: kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima, na siyo kila siku. Nilipompelekea Bibi Mkubwa nilimweleza vilevile, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, kisha akachukua kikombe cha chai, akapima nusu, akaimwaga kwenye beseni la maji ya kuoga.

"Bibi, amesema kifuniko."

"Kifuniko ni cha watu wenye wadudu wachache. Wewe huyajui yaliyo mwilini mwangu."

Maji yakageuka meupe pe! Akalibeba lile beseni mwenyewe, akapita nalo nje, akalizungusha uwanja mzima ingawa bafu liko nyuma ya nyumba yake. Bibi Mdogo alikuwa anachambua mchele mlangoni. Aliangalia lile beseni, akaangalia mchele, akaangalia tena beseni.

"Siku hizi anaoga maziwa," aliniambia baadaye, bila kunitazama. "Ana ng'ombe kweli, huyo."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Baba mdogo alipigiwa simu tena, akaleta dawa ya maji kama ile na nyingine ya kupaka mikononi bila maji, na juu yake losheni ya kuua vijidudu, ya kupaka baada ya kuoga. Bibi Mkubwa akaagiza kwangu sabuni ileile nyekundu ili asipitwe, akawa anaanza na sabuni na kumalizia na maziwa yake. Bibi Mdogo akasikia, akaanza kuoga asubuhi na jioni. Bibi Mkubwa akaongeza mchana. Dodoki lao lilikuwa la kusugulia sufuria, na walisugua kweli.

Mambo mengine yalianza kuharibika kimyakimya. Ng'ombe mwekundu wa Bibi Mkubwa, ambaye alikuwa akikamuliwa huku anacheua bila wasiwasi, alimnusa bosi wake mpya akapiga teke ndoo. Maziwa yaliyobaki yalikuwa na ladha fulani. Nilikunywa chai yake siku moja nikajisikia kama nimetoka kuchomwa sindano. Upande wa pili, mzee jirani alikuja kumsalimia Bibi Mdogo. Kabla hajakaa, bibi akamwamuru anyooshe mikono na kummwagia ile dawa ya mikononi. Mzee alikuwa na ugoro kiganjani, tayari kuuvuta. Ugoro ukageuka uji. Aliutazama kwa huzuni, akasema, "Shemeji, kama hunitaki hapa kwako ungesema tu."

Halafu kuwashwa kukaanza.

Hakuna aliyeniambia. Niligundua mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na macho. Nilimkuta Bibi Mkubwa amesimama kwenye nguzo ya zizi, anajisugua mgongo juu chini, macho ameyafumba kwa utamu. Aliponiona alijifanya anaangalia kama nguzo imeliwa na mchwa. Nilipovuka kwenda kwa Bibi Mdogo nilimkuta ndani, mkono wake umeingia chini ya blauzi kwa nyuma, na mkononi ameshika gunzi la mahindi.

"Bibi, unafanya nini na gunzi?"

"Nilikuwa natafuta pa kulitupa," akasema.

Kwa nje walikuwa wanapauka. Miguu ya Bibi Mkubwa ilikuwa imechanika kama shamba la kiangazi, na mikono ya Bibi Mdogo ilikuwa na rangi ya majivu mpaka kwenye viwiko. Kila mmoja alikuwa anafikiria kitu kimoja: wadudu wamechachamaa, ongeza dawa. Wakaongeza. Kuwashwa kukaongezeka. Wakaongeza tena.

Mambo yalipofika hapo, hakuna aliyekuwa tayari kuamini kwamba yule mnyama wa kijani bado anashinda. Lazima kulikuwa na mkono wa mtu. Na mkono wa mtu ulikuwa ng'ambo ya uwanja.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Bibi Mkubwa. "Ameweka upupu kwenye kamba yangu ya nguo. Njoo uamue kabla sijaamua mimi." Bado sijaweka simu mezani, ikaita ya pili. "Mke mwenza," Bibi Mdogo alisema, "upupu unaota wapi siku hizi? Maana kuna mtu ameupata."

Niliacha mgahawa kwa mdogo wangu nikaenda Kisaka. Niliwakuta kila mmoja amekaa mlangoni kwake, nguo zote zimeanuliwa, kamba tupu. Nikaweka kigoda katikati ya uwanja, maana kukaa upande wowote kungekuwa hukumu.

"Bibi, shikamoo. Na wewe bibi, shikamoo."

Wakaitikia kwa pamoja, kisha wakachukizwa kwamba wameitikia kwa pamoja.

"Nani ameanza kuwashwa?"

"Mimi!" wakasema wote.

"Nimeanza mimi," Bibi Mkubwa alisisitiza. "Mimi ni mkubwa. Hata upupu unajua."

"Wewe umeanza jana," Bibi Mdogo akamjibu. "Mimi nawashwa tangu mahindi hayajabeba."

Nikaona nikiendelea hivyo tutafika mavuno. Nikawaambia nataka kuona ngozi zao. Walikataa katakata kuvua blauzi mmoja mbele ya mwingine, kwa hiyo niliingia nyumba moja, nikatoka, nikaingia nyingine. Kwa Bibi Mkubwa niliona mgongo umekauka, una magamba madogo, una nyufa nyembamba nyekundu, na alama za kujikuna zimepita kila upande. Kwenye kwapa na chini ya matiti pamewaka. Nikavuka. Kwa Bibi Mdogo nikakuta mgongo uleule: magamba yaleyale, nyufa zilezile, kwapa lilelile. Tofauti yao ilikuwa alama za kujikuna tu. Za Bibi Mkubwa zilikuwa pana, za nguzo. Za Bibi Mdogo zilikuwa nyembamba, za gunzi.

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa chini. Bibi zangu walinitazama kama mtu ambaye na yeye ameguswa na upupu. Nikawaambia kesho yake twende hospitali Mugumu, wote, kwa gari moja. Walikubali kwa sababu kila mmoja aliogopa mwenzake ataponywa kwanza.

Hospitalini walikaa kwenye benchi moja, mimi katikati. Harufu yao ilikuwa kali kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa na mtoto aliwauliza kama ni wahudumu wa hapo. Tulipoitwa, wakagombania mlango, na daktari akasema waingie wote wawili, kuna viti vya kutosha.

Daktari alikuwa kijana aliyetoka mikoa ya kusini, mpole, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka Bibi Mkubwa akaniuliza kwa kikwetu kama anasoma mahali. Aliwapa shikamoo kila mtu yake, na kwa hilo tu akawa amewapata. Aliwaangalia mikono, miguu na mgongo, mmoja nyuma ya pazia na mwingine mbele. Kisha akakaa akauliza swali moja.

"Bibi zangu, mnaogea nini?"

"Maji," alisema Bibi Mkubwa.

"Maji tu," alisema Bibi Mdogo.

Daktari akavuta hewa puani, mara mbili. Nadhani pua yake ndiyo iliyowamaliza, kwa sababu Bibi Mdogo alishindwa kuvumilia.

"Huyu anaoga dawa nyeupe. Nusu kikombe, mara tatu kwa siku. Nahesabu."

"Na yeye ana sabuni nyekundu, na losheni, na ile ya mikononi anajipaka hadi shingoni," Bibi Mkubwa akarudisha. "Amemharibia mzee wa watu ugoro."

Kwa dakika chache daktari alipata historia nzima ya ugonjwa bila kuuliza swali jingine. Mimi nilikuwa nimebeba zile chupa na sabuni kwenye kapu, nikaziweka mezani. Alisoma maandishi madogo ya nyuma, karatasi moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. Akamgeukia Bibi Mkubwa.

"Bibi, nyumba yako ni ya nini?"

"Ya matofali. Mwanangu alinijengea."

"Matofali yameshikwa na nini?"

"Na udongo. Mbona unaniuliza kama fundi?"

"Sasa, kila siku asubuhi, mchana na jioni, chukua maji ya moto, dawa ya kung'arisha na brashi, usugue ule udongo uliopo kati ya tofali na tofali."

"Mimi nitakuwa mwendawazimu?"

"Ndicho unachofanya kwenye mgongo wako."

Bibi Mdogo alicheka kwa sauti. Daktari akamgeukia. "Na wewe, bibi." Akaacha kucheka.

Akaeleza polepole. Ngozi ya juu kabisa, alisema, ni kama vijitofali vidogo vilivyopangwa, na kati yake kuna mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe. Hayo mafuta ndiyo yanazuia maji ya mwilini yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Sabuni yoyote inayapunguza kidogo, halafu mwili unayarudisha. Lakini ukitumia dawa kali, isiyopimwa, kila siku, tena kwa kusugua, mwili hauwahi kurudisha. Kwa watu wa umri wao ndiyo kabisa, kwa sababu ngozi ya mzee inatengeneza mafuta polepole. Nyufa zinatokea. Dawa yenyewe inaingia kwenye zile nyufa na kuiudhi ngozi ya ndani, na ngozi ikiudhika inawasha.

"Nyinyi mkisikia kuwashwa mnasema ni wadudu, mnaongeza dawa," alimalizia. "Dawa ndiyo inayowawasha."

Kisha Bibi Mkubwa akasema jambo lililokuwa likimkaba tangu ile Jumapili.

"Kwa hiyo unasema nikae nao? Wale wenye pembe?"

Daktari hakujua habari za bango, lakini alijibu vizuri. "Bibi, wengi wanaokaa kwenye ngozi yako ni wenyeji. Umekuwa nao tangu utotoni na hawajakudhuru. Wao wamekalia nafasi ambayo wabaya wanaitaka. Ukiwafukuza wote, pale panabaki wazi, na hujui nani atawahi."

"Hilo nalijua," Bibi Mdogo alisema ghafla. "Ukiacha kipande cha shamba bila kulima, jirani anasogeza mpaka." Akamtazama Bibi Mkubwa kwa namna ambayo ilinionyesha kuna kesi nyingine kabisa siijui.

Daktari hakusema dawa zile ni mbaya. Alisema zina kazi yake: kidonda, tena kwa kupima, au pale mhudumu wa afya amekuambia. Mikono waendelee kunawa kama walivyofundishwa kanisani, na sabuni ya kawaida inatosha. Kuoga, mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, wasikae sana, dodoki walirudishe kwenye sufuria. Sabuni laini waipitishe kwenye miguu, kwapa na sehemu za siri tu.

Nilimwona Bibi Mkubwa akishika kitenge chake kwa nguvu. Tulipotoka nje ndipo alipopumua. "Umesikia? Mtoto mdogo vile ameniambia kwapa!"

Alituandikia dawa ya kupaka kwa siku chache penye hali mbaya zaidi. Na akatuambia jambo la mwisho, ambalo lilinipita tu wakati ule. Wakitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka, wapake mafuta ya mgando mwili mzima, yale ya kawaida yasiyo na manukato. "Hasa mgongoni," alisema. "Huko ndiko palipoharibika zaidi."

Nilinunua makopo mawili, yanayolingana, nikawarudisha Kisaka. Jioni ile niliwapaka mwenyewe. Bibi Mkubwa kwanza, kisha Bibi Mdogo, ambaye alinilalamikia kwamba nimemaliza nguvu kwa yule. Wakasema wanasikia nafuu hapohapo, jambo ambalo nadhani halikuwa kweli lakini lilinifurahisha. Nikasimama, nikafunga kanga vizuri, nikawaaga, maana mgahawa haujifungui wenyewe.

"Na kesho?" Bibi Mdogo aliuliza.

"Kesho nini?"

"Mgongo."

Nilikuwa sijalifikiria. Pale nyumbani wajukuu waliobaki ni wanaume watupu, na hakuna bibi wa Kisaka atakayevua blauzi mbele ya mjukuu wa kiume hata kama anaungua. Majirani wanawake wapo, lakini huyo wa kushoto habari ikimfikia asubuhi, mchana imefika Mugumu. Nikaangalia mlango mmoja, nikaangalia wa pili. Nikasema kwa sauti ya utani tu, "Si mpakane?"

Walinikazia macho wote wawili, nikaondoka haraka.

Siku zilizofuata nilipata taarifa kwa simu, kutoka pande zote. Bibi Mdogo alikuwa amefunga kitambaa kwenye mwiko wa ugali, akachovya kwenye mafuta, akawa anajipaka mwenyewe kwa kupitisha begani. "Anapaka ukuta," Bibi Mkubwa aliniambia kwa raha. "Nimechungulia. Mgongo mkavu, ukuta unang'aa." Naye Bibi Mkubwa, kwa mujibu wa Bibi Mdogo, alikuwa amepaka mafuta ile nguzo ya zizi, halafu anaegemea. "Sasa ana mafuta na kinyesi cha ng'ombe. Mwambie daktari kama hiyo ni dawa."

Sikwenda kwa muda kidogo, kwa sababu nilikuwa na harusi ya kupikia. Nilipopata nafasi nilifika jioni, jua bado liko juu ya vilima. Uwanjani hapakuwa na mtu. Kwa Bibi Mdogo mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nikasogea kwa Bibi Mkubwa, nikasikia sauti mbili ndani. Ningebisha hodi, kama mtu mwenye adabu. Badala yake nikasimama kwenye dirisha la jikoni nikatega sikio.

"Punguza. Unamalizia mafuta yangu."

"Mgongo wako ni mkubwa, nifanyeje? Ni uwanja wa mpira."

"Paka pale chini. Siyo hapo. Hapo. Ehe."

"Hii alama umeipata wapi?"

"Ng'ombe wa mahari yako. Siku walipokuwa wanatolewa hapa kwenda kwenu, mmoja alinipiga pembe. Nilijua siku ileile utakuwa na shida."

Nikaziba mdomo. Kisha Bibi Mdogo akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia upande ule wa uwanja, "Zamani hapa palikuwa laini, nadhani."

"Sana," Bibi Mkubwa alisema. "Marehemu alikuwa ananiambia hajawahi kuona mgongo laini kama wangu. Alisema hata akitembea mpaka Tarime hataupata."

Sauti ya kupaka ikakoma.

"Alikuambia mpaka Tarime?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Mimi aliniambia mpaka Musoma."

Nilidhani sasa kopo litarushwa, na nikajiandaa kuingia. Kilichotoka mle ndani kilikuwa kicheko cha Bibi Mkubwa, kinaanzia mbali, kifuani, kama gari bovu linavyowaka. Kisha cha Bibi Mdogo kikapanda juu yake. Walicheka mpaka wakaanza kukohoa. Walimtukana babu yangu kwa kikwetu matusi ambayo mengine nilikuwa siyajui, nikayaweka akilini kwa matumizi ya baadaye. "Yule mzee!" mmoja anasema, na mwingine anaitikia, "Yule mzee!" na kicheko kinaanza upya.

"Geuka sasa," hatimaye Bibi Mkubwa alisema, "nikuone huo mgongo wa Musoma."

Nikarudi nyuma hadi njiani, nikapiga hodi kwa nguvu kama mtu aliyefika sasa hivi. Nilipoingia, Bibi Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda amevaa kitenge hadi kwapani, na Bibi Mkubwa yuko nyuma yake, mikono inang'aa. Wote wawili walikunja uso.

"Nampaka kwa sababu hajui kujipaka," Bibi Mkubwa akanieleza bila kuulizwa.

"Namruhusu kwa sababu nyumba yangu ina giza," Bibi Mdogo akaongeza.

Ngozi zao zilirudi taratibu. Magamba yaliisha kwanza, halafu ule uwekundu, na nyufa za miguu ndizo zilizochelewa. Waligombana nani amepona mapema, na nilikataa kutoa hukumu. Zile sabuni nyekundu baba mdogo alizichukua siku alipokuja, akanung'unika kwamba wazee hawajui vitu vya maana. Chupa za dawa nyeupe ziliishia kusafishia choo, na wageni wa kutoka kanisani walianza kukisifia. Bibi Mkubwa alikubali pongezi hizo peke yake ingawa choo ni cha wote, na kwa hilo wakanuniana tena wiki nzima. Lakini hata wiki hiyo ya kununiana, jioni nilisikia kwa masikio yangu Bibi Mdogo akiita kutoka mlangoni kwake, bila salamu na bila jina, "Wewe! Njoo, maji yanakauka!"

Majuzi Bibi Mkubwa alikwenda Kenyamonta kumtembelea shangazi yangu, binti yake, ambaye alikuwa amejifungua. Alisema atakaa mpaka mtoto aanze kukaza shingo. Haikuchukua muda, Bibi Mdogo akanipigia nikiwa nageuza chapati.

"Mke mwenza, huyo mwenzako anarudi lini?"

"Ameenda kulea, bibi. Umemkumbuka?"

"Nimkumbuke kwa lipi? Mgongo ndio unauliza."

Nikampigia shangazi, nikaomba nizungumze na Bibi Mkubwa. Nikamfikishia ujumbe kama ulivyo. Kwa nyuma nilimsikia mtoto mchanga akilia na shangazi akimbembeleza. Bibi akasogeza simu mdomoni ili mwenye nyumba asisikie.

"Mwambie narudi kesho," alinong'ona. "Huku hawajui kupaka."